Chumvi Niliyopokea kwa Mikono Miwili

Mmeniuliza nyote watatu huko nyumbani, kila mmoja kwa wakati wake: "Guangzhou kulikuwaje, na mbona umerudi kimya?" Kwenye simu mnajua siwezi. Nikipigiwa nabaki "eeh, eeh" mpaka mtu anachoka anakata. Kwa hiyo nimekaa nikaandika. Mambo ya tiketi na vibali nayaruka, Baba ndiye aliyahangaikia na hata mimi siyaelewi. Naanza na paka.

Mlango wa jirani

Tunakokaa ni juu kabisa ya China, mji mdogo wa wakata miti, Urusi haiko mbali. Baba anasomea misitu, na mimi nimemfuata kwa sababu Mama hakai pahali pamoja, leo Dar, kesho Guangzhou, keshokutwa Tanga, yeye na biashara yake ya mikoba. Huku Januari ukitoka nje kope zinashikana. Nguo ukianika inakauka imesimama kama mtu. Nyama hatuweki kwenye friji, tunaining'iniza nje ya dirisha. Mji mzima Waswahili ni mimi na Baba, na Baba akienda msituni nabaki mimi. Shuleni wenzangu si wabaya, wananipa nafasi ya kukaa, wananipa peremende. Ila nikiulizwa kitu, Kichina changu chote kinakimbia.

Ndiyo maana nina Kaimati. Nilimkuta Oktoba kwenye ngazi za jengo letu, paka jike, rangi yake kaimati iliyoiva sawasawa, sikio moja limeliwa na baridi pembeni. Nikamtia ndani ya koti. Tangu siku hiyo nikitoka shule namsimulia kila kitu kwa Kiswahili, na yeye anafumba macho ananisikiliza. Chekeni tu. Nyie mko wengi huko.

Sasa ikaja likizo ya baridi. Mama alikuwa anakuja Guangzhou kufunga mzigo wa mwisho kabla ya Mwaka Mpya wa Kichina, maana ukikaribia viwanda vyote vinafungwa. Mwaka na nusu sikuwa nimemwona. Baba naye alikuwa anaingia msituni wiki tatu kupima miti yake. Kaimati abaki na nani? Kumwacha peke yake haiwezekani, mabomba ya maji moto yanayopasha nyumba yakizimika siku moja tu, maji kikombeni yanakuwa jiwe na paka vilevile. Kwenye treni hawamruhusu. Mahali pa kulipia paka watunzwe hakuna, huu si mji wa mambo hayo. Akabaki mtu mmoja tu, bibi wa mlango unaofuata.

Yule bibi namwita Nainai, ndivyo Wachina wanavyomwita bibi. Anakaa peke yake. Baba aliniambia yeye si mtu wa huku, alitolewa kusini akiwa msichana, kundi zima lao, wakaletwa kulima na kukata miti, wenzake wakarudi kwao na yeye akaolewa akabaki. Kwa miezi yote ile tulikuwa tunapishana kwenye ngazi tu, yeye anainamisha kichwa, mimi nainamisha changu, basi.

Siku mbili nilijizoeza sentensi moja, halafu nilipogonga ikapotea, nikamwonyesha simu. Nilikuwa nimeandika ikatafsiriwa: naomba ukae na paka wangu wiki tatu. Akavaa miwani. Akasoma muda mrefu. Akanitazama, akasema neno moja ambalo sikulipata, akafunga mlango. Nilirudi ndani nikamwambia Kaimati, "Ametukataa."

Asubuhi yake mlango wetu ukagongwa. Nainai amevaa koti la sherehe, jekundu lililokolea, nywele kazilaza kwa maji. Mikononi ana pakiti ya chumvi, pakiti ya sukari nyekundu, na samaki wawili wakavu, vyote vimefungwa uzi mwekundu. Juu yake karatasi nyekundu iliyoandikwa kwa brashi. Akanipa vile vitu, akanipa na kalamu, akanionyesha chini ya ile karatasi.

Mnajua sisi tulivyofunzwa. Mtu akikuletea kitu, unakipokea kwa mikono miwili, unashukuru, huulizi ni cha nini. Na mwezi ule kila mlango wa China unabandikwa karatasi nyekundu za heri. Nikajua ni kadi ya Mwaka Mpya na zawadi ya msafiri. Hata kalamu sikuishangaa, huku ukiletewa kifurushi unatia sahihi. Nikaandika Salha, kwa herufi nzuri kabisa. Nainai akaangalia jina langu, akatabasamu, akamchukua Kaimati, akamwingiza ndani ya lile koti la sherehe ingawa kutoka mlango wetu mpaka wake ni hatua tatu.

Saa tisa Harbin

Baba alinisindikiza mpaka Harbin, jiji kubwa la kaskazini, ndiko nilikopandia treni ya kwenda kusini. Theluji ilikuwa imefunika reli, tukangoja saa tisa nzima. Mimi na Baba tumefanana, tunaweza kukaa saa tisa tukaambizana maneno manne.

Alininunulia mapeari yaliyoganda, meusi kama mawe ya mtoni. Unayatia kwenye maji baridi, yanalainika, unatoboa ngozi unafyonza. Nilimwuliza kama Nainai atakumbuka kwamba Kaimati hapendi kushikwa mkia.

"Atajua," akasema Baba.

Baada ya saa nzima akaongeza, "Yule mama amelea watoto wanne."

"Wako wapi?"

"Kusini. Kazi."

Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya Harbin.

Behewa la kumi na moja

Nilipewa kitanda cha kati, vitanda ni vitatu vitatu kwenda juu. Cha kati huwezi kukaa wima, unalala kama mkate kwenye trei. Chini yangu kulikuwa na mama mnene mwenye mfuko wa mbegu za alizeti, na ng'ambo mzee aliyekuwa akichota maji ya moto mwisho wa behewa kila baada ya nusu saa.

Siku ya kwanza mchana, theluji bado imejaa dirishani, nikafungua simu nikatazama picha niliyopiga wakati wa kuaga: Nainai amesimama mlangoni, kichwa cha Kaimati kimetokeza kwenye koti. Machozi yakanitoka. Si mengi. Yule mama wa chini akasimama, akaiona picha. Akamgusa Nainai kwa kidole, akaniuliza kitu. Mimi nikaitikia kwa kichwa, ndivyo ninavyofanya nisipoelewa. Akashika kifua. Akamgeukia mzee, mzee akaenda kumwambia mtu wa pili, na kabla hatujafika kituo kinachofuata behewa lote lilijua kwamba yule msichana Mwafrika amefiwa na bibi yake.

Ningesemaje? Kwamba bibi ni mzima, hata bibi yangu si yeye, nalilia paka? Nikanyamaza. Wakaniletea machungwa madogo yale ya kumenya kwa mkono, mayai ya kuchemsha, kopo la tambi. Mtu mmoja akaniletea soksi. Yule mama akawa kila akipita ananipigapiga mguu. Nilifanya matanga siku nzima na zaidi, na machungwa nilikula yote. Sijivunii. Lakini niwaambieni ukweli, tangu nifike China sikuwahi kukaa na watu muda mrefu vile, na ilibidi mtu afe, tena wa uongo.

Theluji ikaisha pahali nikiwa nimelala. Nilipoamka ardhi ilikuwa ya kahawia, halafu ya kijani, halafu watu wakaanza kuvua makoti.

Xiaobei

Mama alinisubiri nje ya kituo na baibui lake la safari na raba nyeupe. Alinikumbatia mpaka mfuko ukaanguka.

"Umekuwa mrefu! Nani kakuruhusu?"

Halafu akanishika mbali kidogo, akanitazama, akanitazama tena. Mimi nikatazama chini. Nilikuwa nimepanga mengi ya kumwambia, na pale pale nikaona kwamba nimemzoea Mama wa kwenye simu, yule wa ukubwa wa kiganja. Huyu wa kweli alikuwa na harufu, na alikuwa anaongea upesi.

Tulifikia chumba cha kupanga Xiaobei, mtaa wa wafanyabiashara wa Kiafrika, karibu na Tianxiu. Ni jengo refu, maduka chini, ofisi juu, na kwenye lifti unasikia Kiswahili cha Dar, cha Unguja, Kifaransa cha Wakongo, na Wakenya wanaongea chao wanachokijua wenyewe. Nilifurahi kama dakika kumi. Wali wa nazi! Chapati! Mtu anasema "samahani" akikukanyaga! Nilidhani upweke wangu ni wa lugha, na nikifika kwa wenye lugha yangu utakwisha. Wapi. Watu wote walikuwa wanakimbia. Kontena la Mama lilitakiwa lifike bandari ya Nansha kabla ya sikukuu, likichelewa linalala hapo mpaka sikukuu iishe, na mikoba ya Idi inafika Idi imepita. Kila asubuhi alikuwa ananiacha kwenye ofisi ya kago ghorofa ya juu, "kaa na Mwajuma, nakuja sasa hivi," na hiyo sasa hivi ilikuwa jioni.

Mwajuma ni Mchina. Kwao anaitwa Lin, ila wateja wamempachika Mwajuma na yeye kaitikia. Amejifunza Kiswahili kwa kugombana nao.

"Bosi, wewe kila siku kesho, kesho!" anamwambia mzee wa Kiunguja kwenye simu. "Kontena haina miguu, haiwezi kungoja wewe unywe chai!"

Mimi nilikaa kwenye boksi kwenye kona nikibandika namba kwenye mizigo. Watu waliingia wakasema, "Huyu ndiye mtoto wa Mama Salha? Mbona haongei?" Wakajibiwa, "Ana aibu." Wakaondoka. Ilikuwa kama kule shuleni, tofauti yake hapa nilikuwa naelewa wanachosema.

Zawadi ya Nainai nilikuwa nimemkabidhi Mama siku ya kwanza. Alifurahi. "Jirani ana utu huyo." Samaki wale wawili aliwapika na nazi. Sukari aliipeleka ofisini ikaingia kwenye chai, wageni wote wakanywa. Chumvi ilibaki haijafunguliwa kwa sababu ya kwetu ilikuwa haijaisha.

Karatasi nyekundu

Siku ya tano Mwajuma alianza kupamba ofisi kwa sikukuu. Kapanda kiti, anabandika karatasi nyekundu huku na huku ya mlango, na ya juu hana. Nami nikaona sasa ndipo pa kusaidia kitu bila kuongea. Nikaichomoa ile ya Nainai kwenye begi, nikamnyooshea.

Akaichukua. Akaisoma. Akashuka kwenye kiti, akakaa juu ya boksi, akaisoma tena kwa sauti ya chini.

"Dada mdogo. Hii Salha ni wewe?"

"Ndiyo."

"Wewe umetia sahihi mwenyewe?"

"Ndiyo. Ni kadi ya Mwaka Mpya."

Alicheka, mwana wee. Alicheka mpaka akashika tumbo, akamwita Mama ambaye ndiyo kwanza anaingia na mifuko.

"Mama Salha! Njoo! Binti yako ameoza paka!"

Ndipo akatueleza. Kijijini kwao, huko huko kusini, zamani paka hauzwi wala haombwi hivi hivi. Paka anaposwa. Unachagua siku njema, unavaa vizuri, unapeleka chumvi na sukari kwa wenye paka, na samaki pia kwa ajili ya mama yake paka. Unaandika mkataba. Wenye paka wakipokea, imekwisha, paka ni wako mpaka afe. "Bibi yangu alifanya hivi hivi," akasema. "Vijana siku hizi hawajui. Huyu jirani yako mtu wa zamani."

Akatusomea. Kwamba yeye wa ukoo wa Sun anampokea paka jike wa rangi ya dhahabu kutoka kwa binti wa nyumba jirani. Kwamba hatampiga. Kwamba hatamlaza njaa. Kwamba paka naye atalinda nyumba, na hatavuka mlango kwenda kwingine. Na chini yake, kwa herufi nzuri kabisa, Salha.

Mama akashika kiuno. "Umemwozesha bila walii, bila shahidi! Na mahari tumekunywa na chai!"

"Yule mama Mkongo, mteja wetu, alikunywa vikombe viwili," akasema Mwajuma.

"Na samaki nimeramba mifupa!"

Ofisi nzima ikacheka. Najua lilikuwa jambo la kuchekesha. Hata nyie najua mnacheka sasa. Mimi nilitoka nikaenda kukaa kwenye ngazi za dharura, zile zisizopitwa na mtu. Maneno yaliyonikaa kichwani ni yale ya mwisho, hatavuka mlango kwenda kwingine.

Baba simu yake haipatikani akiwa msituni. Nilimwomba Mwajuma ampigie Nainai kwa namba aliyonipa Baba. Alimpigia, wakaongea kidogo, sauti ya Nainai nilikuwa naisikia nyembamba upande wa pili. Mwajuma akakata, safari hii hacheki.

"Anasema salimia mama. Anasema paka wake anakula vizuri."

"Wake?"

"Ndivyo alivyosema. Wake."

Jioni chumbani nilimwambia Mama nataka kurudi. Zilikuwa zimebaki siku nane. Alikuwa anakunja risiti zake, akaacha.

"Mwaka na nusu hatujaonana, Salha. Unalilia paka?"

Nikasema, sijui ilitoka wapi, mimi ambaye sijibu, nikasema, "Paka nikirudi namkuta mlangoni."

Mama alizikusanya zile risiti, akaziweka mezani, akazikusanya tena. Ningependa kuwaambia niliomba radhi pale pale. Sikuomba. Nilijifunika shuka.

Barabara ya Shiling

Asubuhi Mama hakunipeleka ofisini. Alisema, "Vaa, leo twende wote." Tukakodi gari mpaka Shiling, mji wa mikoba, ni mbali, nje ya jiji. Katikati ya njia Mama akauliza akiwa anatazama nje:

"Anafananaje huyo Kaimati?"

Nikamwambia. Nikamwambia sikio, nikamwambia anavyolala juu ya kitabu ninachokisoma na si kingine. Nikamwambia na shule, na makopo ya chakula ninayopasha mwenyewe, na siku Baba alipochelewa msituni siku mbili kwa sababu ya theluji. Hilo la mwisho alikuwa halijui. Dereva alikuwa amewasha kiyoyozi na mimi nilikuwa natoka jasho. Nadhani niliongea mpaka tukafika.

Shiling kila mlango ni mikoba. Nilimwona Mama kazini, kitu ambacho sikuwahi kukiona. Anafungua zipu na kuifunga mara kumi, ananusa ngozi, anavuta mkanda kwa nguvu zote. Muuzaji akitaja bei anasema "tai gui, tai gui," ghali mno, kwa uso wa mtu aliyefiwa, halafu anageuka kuondoka polepole ili aitwe. Duka la tatu muuzaji hakumwita. Tulitembea polepole mpaka mwisho wa kibaraza. Mama akaninong'oneza, "Usigeuke." Hatukuitwa. Ikabidi turudi wenyewe, na muuzaji akatukaribisha chai kama hatukuwahi kutoka. Tulicheka njia nzima ya kwenda duka la nne.

Mchana tukala tambi kwenye mkahawa wa Waislamu wa kule. Mama akasema:

"Mimi mahari ninayoijua inarudishwa. Mke akitaka kutoka anarudisha alichopewa, kwa heshima, bila matusi. Chumvi ipo. Sukari nitakununulia, samaki vilevile. Utampelekea yule mama mkononi mwake."

"Akikataa?"

Mama alikuwa anatafuta kitu kwenye bakuli kwa vijiti, hajavizoea mpaka leo.

"Kabla hujamrudishia, muulize alimtakia nini. Mtu hatoki na koti la sherehe kwa paka wa njiani." Halafu akasema, "Na mimi niulize siku moja kwa nini sikai. Leo usiniulize."

Sikumwuliza. Nilikaa zile siku nane zote. Kontena lilifika Nansha, sikukuu haijafika. Kituoni Mama alinifunga skafu mara tatu shingoni ingawa Guangzhou kulikuwa na joto, na hakunitania hata mara moja.

Kurudi

Njia ya kurudi haikuwa na matanga. Vitanda vyote vilikuwa vimejaa watu wanaokwenda kwao sikukuuni na mifuko mikubwa kuliko wao, na msichana asiyeongea hakumshughulisha mtu. Nilikumbuka yule mama mnene wa mbegu za alizeti. Nilikaa na mfuko wangu mapajani, chumvi ileile, sukari mpya, samaki wawili, nimevifunga kwa uzi mwekundu niliopewa na Mwajuma. Kila treni iliposimama nilihesabu vituo. Nilijizoeza tena sentensi moja: samahani, sikujua, naomba paka wangu.

Baba alinipokea Harbin, ametoka msituni ndevu zimemjaa. Nilimweleza yote. Akafikiri mpaka tukapanda treni ya pili.

"Mkataba ni mkataba," akasema.

Kisha, karibu na nyumbani: "Lakini hukujua."

Mlango wa jirani, tena

Sikuingia hata kwetu. Niligonga nikiwa na mabuti yenye theluji. Nainai alifungua, akaniona, akafurahi, kisha akaona nilichoshika. Chumvi yake aliijua. Mkono wake ukabaki kwenye kitasa.

Kaimati alikuwa dirishani juu ya mabomba ya joto, kanenepa, kavaa uzi mwekundu shingoni. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Halafu akashuka, akajisugua kwenye buti langu, mguu mmoja, mguu wa pili, akarudi zake dirishani.

Niliweka vile vitu mezani. Sentensi yangu ilipotea kama kawaida, ila haikuhitajika. Nainai alikwenda akaleta kikapu. Akatia taulo, akatia bakuli, akatia kigodoro kidogo cha pamba. Kilikuwa kimeshonwa kwa kitambaa chekundu kilichokolea, nikakitambua, ni mkono wa lile koti la sherehe. Akawa anakisawazisha pembe, anakisawazisha tena, hanitazami.

Ndipo nikakumbuka la Mama. Nikaandika kwenye simu: kwa nini ulimtaka?

Alivaa miwani akasoma. Nilimpa simu aandike, akaikataa. Akanishika mkono akanipeleka ukutani, ule ukuta ambao nyuma yake ni chumba changu. Akanionyesha saa, kidole kwenye saa moja asubuhi, ninapotoka kwenda shule. Akaukwaruza ukuta kwa kucha. Kisha yule bibi kizee akatoa sauti ya paka anayelia, ya chini, ndefu, na akakipeleka kidole polepole kwenye saa nzima, mpaka saa kumi ninaporudi. Akahesabu kwa vidole: leo, kesho, keshokutwa. Kila siku. Tangu Oktoba.

Mimi nilikuwa najua tu kwamba nikirudi namkuta mlangoni. Sikuwahi kujiuliza alikuwa amekaa hapo tangu saa ngapi.

Na pale ukutani kulikuwa na kiti. Si cha mezani, hakikutazama meza wala televisheni. Kilikuwa kimesogezwa mpaka magoti ya mtu yaguse ukuta, na rangi mahali pale ilikuwa imefifia kwa kiganja. Nainai akakaa ili nione. Akaweka mkono pale penye kufifia, akauambia ukuta maneno mawili matatu kwa sauti ya kubembeleza, kama anavyobembelezwa mtoto. Akanitazama. Nilikuwa nimeelewa kabla hajanitazama.

Sukari na samaki niliviacha mezani, hivyo vilitoka kwa Mama. Chumvi niliiokota, nikaipokea kwa mikono miwili kama mara ya kwanza, ila safari hii nilijua ninapokea nini.

Nainai akasimama haraka kuliko umri wake, akatoa kigodoro kwenye kikapu akakirudisha dirishani. Kisha akaenda mlangoni, akaniletea kandambili za ndani, za plastiki, kubwa kwa miguu yangu, akaziweka mbele ya mabuti.

Mama nilipomweleza alisema, "Basi wewe ni mkwe, una haki ya kwenda kula." Naenda kila siku nikitoka shule. Hatuongei sana, sote wawili. Kaimati ananisubiri kwa upande huu wa ukuta, na kwetu chumvi ile tunaipikia, Baba anasema ni kali kuliko ya dukani. Usiku chumba changu kimya, siwafichi, kuna siku navumilia kwa shida.

Kile kiti tumekigeuza. Sasa kinatazama meza, na ndicho nilichokalia nikiwaandikia haya.